Mfaransa Aliyehamia Nyumbani Kwangu

Mmeniuliza saluni, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kwenye simu huku mtoto analia: Atu, uliondoka Durban ukiwa na mume, umerudi unalala Sydenham kwa Mwajuma, kulikoni? Nimechoka kusimulia vipande, maana kila nikitoa kipande mtu anakishonea cha kwake. Sasa nimeandika yote, kuanzia Mbeya mpaka hapa nilipo. Habari za pasi na tiketi nimeziruka, hizo mnazijua wenyewe. Someni mpaka mwisho, halafu anayetaka kunilaumu anilaumu.

Kwanza mumjue Mfaransa.

Jina lake silitaji, limetajwa vya kutosha ndani ya chumba changu. Alikuwa mchoraji wa zamani, mtoto wa sonara wa Paris, enzi zile wafalme wa Ufaransa wanavaa mawigi. Amekufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na bado ana nguvu ya kuvunja nyumba ya mtu. Mume wangu Fidele, Mkongo wa Likasi, ambaye wengi mnamjua kwa vibao vya saluni na bucha alivyochora hapa mjini, alipewa kitabu cha maisha ya huyo Mfaransa na padri aliyemsomesha. Wanaume wengine wana timu ya mpira. Wangu ana Mfaransa. Tunakula ugali, naambiwa Mfaransa alivyochanganya nyekundu. Mimba inanitapisha, naambiwa Mfaransa alipokuwa Venisi. Kitabu chenyewe ni cha Kifaransa, na Fidele alikitafsiri chote kwa penseli, Kiswahili kidogokidogo kati ya mistari, ukurasa kwa ukurasa. Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Nikiwa na mimba ya miezi minne, kanisa moja la Wakongo na Warundi, lile lililochukua jumba la zamani la sinema chini ya Glenwood, likampa kazi ya kuchora kuba lao. Fidele alilia machozi. Maisha yake yote alikuwa anangoja kuba, kwa sababu Mfaransa alichora makuba. Mimi nikaenda kwa mama Mbeya kujifungua, kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake. Fidele akaahidi kwamba mtoto akifikisha arobaini atakuja kutuchukua. Akanipa na kitabu niende nacho, kama mtu anavyoacha kitambulisho getini.

Arobaini ikapita. Miezi mitatu ikapita, sita ikapita. Kila nikipiga simu yuko juu. Mwezi wa tisa nikamfunga mtoto mgongoni. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: Fidele ashuke, amshike mwanawe, tuondoke pale tukaishi kama watu.

Mbeya hadi mpakani

Mama alinifungia ndizi za kuchoma, maparachichi sita na unga wa uji wa mtoto. Alipomaliza akaniambia taratibu: "Ukifika usianze na ugomvi. Mpe mtoto amshike kwanza. Akishamshika, gombana unavyotaka."

"Na asipomshika?"

"Mwanaume gani asiyeshika mtoto wake?"

Mama yangu hajawahi kuolewa na mchoraji.

Basi la upande wa Zambia, pale Nakonde, lilikuwa liondoke saa nne asubuhi. Saa nne dereva akasema nusu saa. Saa sita akasema nusu saa. Saa nane tukagundua tunamsubiri mama mmoja ambaye magunia yake ya dagaa yalikuwa bado yanapimwa, na huyo mama ni shemeji yake dereva. Abiria wakalalamika, dereva akasema samaki nao ni abiria. Maparachichi matatu yakaisha pale pale. Mwanangu Tusajigwe, ambaye tunamwita Tusa, akashika ndoo ya mtu akasimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza. Mtoto anasimama, na baba yake yuko Durban anapaka malaika kucha.

Nilitaka kumtoa kwenye ile ndoo, mwenye ndoo akasema, "Mwache ashike, dada. Ni ya zana, haivunjiki."

Alikuwa Mrundi wa makamo, anaitwa Nestori, fundi viatu hapa hapa Durban. Alikuwa ametoka kuwaona wazazi wake kambini Kigoma. Tukawa tumepata mwenzetu wa safari, mimi na Tusa, na ile ndoo.

Nakonde hadi Lusaka

Jua lilikuwa linapiga dirisha la upande wangu, nikawa nakishika kile kitabu juu ya kichwa cha mtoto kumtia kivuli. Kikubwa, cheusi, kingo zake zimechakaa. Bibi mmoja wa Kizambia aliyekaa ng'ambo ya njia akawa ananitazama kwa heshima. Baada ya Mpika akanyoosha mguu wake uliovimba mpaka kwenye kiti changu, akafumba macho.

"Anataka nini?" nikamuuliza Nestori, aliyekuwa anajua maneno mawili matatu ya Kibemba.

"Anataka umwombee. Anaona umebeba kitabu kitakatifu."

"Mwambie si kitakatifu."

Nestori akamwambia. Yule bibi akatikisa kichwa, akasogeza mguu karibu zaidi. Nadhani alifikiri nanyenyekea. Sasa ningefanya nini? Nikakiweka kitabu juu ya goti lake taratibu. Gari likaruka shimo, kitabu kikafunguka kwenye picha, na picha ni wanawake wanene wasio na nguo wanaelea mawinguni. Bibi akafumbua macho. Akaitazama picha kwa muda, akautazama mguu wake, akasema kwa Kiingereza safi, "Hili ni kanisa gani?"

Upande ule mzima wa basi ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Akanigawia mihogo ya kuchemsha na karanga, akasema mguu umepata nafuu.

Baada ya hapo kila mtu akataka kujua kitabu kinasema nini, nikawa nasoma penseli ya Fidele kwa sauti. Nikawaambia Mfaransa alivyopelekwa Italia kwa gharama za mfalme akiwa kijana. Rumi kila mtu alimwambia tazama masanamu, jifunze mistari. Akatazama, akachoka, akaenda Venisi akakaa miaka akiangalia rangi tu. Aliporudi kwao akakuta wachoraji wakubwa wamegawanyika kambi mbili, wanatukanana. Kambi moja inasema kuchora ni mstari, mstari ndio akili, rangi ni poda tu anayopaka mwanamke mhuni. Kambi ya pili, na Mfaransa alikuwa humo, inasema bila rangi hakuna mtu hapo, kuna maiti tu aliyechorwa vizuri.

"Walilipwa kwa kugombania hayo?" akauliza shemeji wa dereva.

"Walilipwa na mfalme."

"Mimi nagombania nafasi ya dagaa na silipwi."

Lusaka hadi Chirundu

Lusaka tulibadilisha basi, la pili likaharibika kabla hatujaanza kushuka kwenye milima ya Chirundu. Tulikaa chini ya mti wa miiba saa tano nzima. Mama mmoja akaja na beseni la nshima, ugali wa kwao, na kapenta, dagaa wa huko, wa kukaanga, tukala kwa mikono, Tusa akala vichwa vya kapenta na hakuharisha, sifa kwa Mungu.

Nestori alikuwa ameomba kitabu. Yeye Kifaransa alikisoma shuleni kwao. Akawa anapitisha kidole kwenye mistari, mara anacheka, mara anatikisa kichwa. Halafu kidole kikasimama.

"Dada, hapa bwana yako ameruka."

"Ameruka nini?"

"Mistari minne. Juu kuna penseli, chini kuna penseli. Katikati hakuna."

"Labda alichoka."

"Mtu hachoki mistari minne."

Akanisomea. Wakati ule tajiri mmoja wa Kiingereza alimwita Mfaransa aende London kumchorea dari za jumba lake. Hiyo Fidele ameitafsiri yote, mpaka rangi ya mapazia. Alichoruka ni hiki: Mfaransa alimwambia mke wake anakwenda kwa majira ya joto tu. Akakaa majira matatu ya baridi. Huku nyuma mkewe ndiye aliyeendesha karakana, akanunua rangi, akalisha wanafunzi, akamzika mama yake mzazi bila mume kando.

"Tafuta kama kuna pengine," nikamwambia.

Kazi ya kutengeneza basi ilimpa muda wa kutosha. Alipata mahali patano. Mwanzo hadi mwisho wa kitabu, kila palipokosa penseli palikuwa pa mwanamke yule yule.

"Jina lake limeandikwa?"

Nestori akarudia kurasa zote tano. "Hapana. Imeandikwa mke wake."

"Na hilo jumba la London bado lipo?"

Akasoma mbele kidogo. "Lilibomolewa baadaye. Dari zote zikaenda nalo."

Nilicheka mpaka Nestori akaogopa. Majira matatu ya baridi, mwanamke anakaa bila mume kwa ajili ya dari ambalo leo ni vumbi. Na mume wangu mimi, aliyekaa na penseli akakipitia kila kistari cha kitabu kile, alifika hapo akaona hapana haja. Mara tano.

Harare hadi Johannesburg

Sina mengi ya kusema kuhusu Harare, nilikuwa na hasira sikuiona.

Beitbridge, mpaka wa kuingia Afrika Kusini, tulipanga foleni kutoka alfajiri mpaka jua la utosi. Mtoto alikuwa na joto la meno, analia kwa sauti ya kukwaruza. Mwanamke mmoja wa Zimbabwe akanipa nafasi yake mbele, wa nyuma yake akamtukana, wakakaribia kushikana, na mimi nikapita katikati yao kama sina habari. Nilipovuka nikampigia Fidele.

"Kesho mchana tunaingia Durban. Uje kituoni."

"Kesho? Kesho iko mbaya, mama. Kamati inakuja kuangalia kazi."

"Nimetoka Mbeya na mwanao mgongoni."

"Minajua. Kuya moja kwa moja kanisani. Iko karibu."

"Karibu na nini?"

Nikamsikia anavuta pumzi, nikajua kinachokuja. "Unajua, ata Mfaransa, siku mfalme anakuja kuona…"

Nikakata simu. Mwanamke wa Zimbabwe, ambaye hakujua hata neno moja la Kiswahili, akanipa chungwa.

Johannesburg hadi Durban

Kwenye hili gari gogo mmoja wa Kizulu, bibi mwenye kofia ya sufu, alimchukua Tusa mikononi mwangu bila kuuliza, akamtafunia biskuti, akamlaza. Nililala mimi pia, mara ya kwanza tangu Lusaka. Nilipoamka tulikuwa tunateremka milimani, ukungu na baridi, akaniuliza kwa Kiingereza baba wa mtoto yuko wapi.

"Yuko juu ya dari," nikasema.

"Fundi wa paa?"

"Kitu kama hicho."

Akasema ni kazi nzuri, mvua ya Durban inaharibu mapaa, mafundi wa paa hawakosi kula. Akanishauri nisimwache. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza, wala Kiswahili.

Kituoni watu walipokelewa. Nestori alinibebea begi mpaka kwenye teksi, ndoo yake mkono mwingine. Akampa Tusa kidole ashike, akaniambia, "Mwambie bwana yako ile mistari aliyoacha nimemmalizia."

Kituoni hadi kanisani

Lile jumba mnalijua, nje limeandikwa bado bei ya tiketi za filamu. Ndani viti vimeng'olewa, mabomba ya jukwaa la mafundi yamejaa kutoka sakafuni hadi kubani, na huko juu kabisa, kati ya mbao, nikaona suruali ya mume wangu.

"Fidele."

"Unafika? Nusu saa tu, rangi inakauka."

Nusu saa. Nimetoka Nakonde kwa nusu saa hizo hizo. Nikakaa juu ya mkebe wa rangi nikamnyonyesha mtoto. Aliposhuka alikuwa amekonda, ndevu zina bluu. Nikakumbuka maneno ya mama. Nikamnyooshea mtoto.

Akamshika. Nasema kweli, akamshika kwa mikono miwili. Halafu akageuka naye polepole mpaka kwenye dirisha, akauinua uso wake kwenye mwanga.

"Ona hapa, chini ya jicho," akasema. "Iko na zambarau kidogo. Na kwenye sikio, mwanga unapita, inakuwa machungwa."

"Fidele, huyo ni mtoto."

"Minajua ni mutoto."

"Anaitwa nani?"

"Tusajigwe," akasema, na akalisema vizuri, alikuwa amejifunza. Hapo moyo wangu ukalegea kidogo, kwa hiyo nikauliza kwa ukali zaidi. "Kwa nini kwenye kitabu uliruka mistari ya mke wake?"

Hakuuliza mistari gani. "Ile haikuwa juu ya rangi," akasema.

Ningemchapa, ila alikuwa na mtoto mkononi. Na yeye akakaa juu ya mkebe. Akasema amechoka. Miezi kumi na nne shingo inatazama juu. Kamati inamsumbua, kila wiki maneno mapya. "Sikia, Atu. Wakikataa leo, ninaacha. Kabisa. Iko mutu wa Chatsworth anapaka manyumba, anatafuta fundi. Kuta tu, nyeupe na krimu. Kila jioni niko nyumbani na nyinyi. Ninaapa juu ya uyu mutoto."

"Na wakikubali?"

"Wakikubali, tutaona."

Nikaelewa. Nilikuwa nimesafiri siku sita nije niombee kazi ya mume wangu ikataliwe.

Chini ya kuba

Kamati ilikuja watu sita. Mwenyekiti Papa Anselme, suti ya kijivu. Maman Beya, anayesimamia kwaya na kila kitu kingine. Wengine wanne wa kuitikia. Walikuwa na mgeni pia, mchungaji kutoka kanisa lao kubwa la Lubumbashi, amekuja kutembelea.

Ili muelewe kilichotokea lazima mjue hivi. Kanisa lile halikununua rangi. Kila familia ilileta mkebe wake, rangi waliyoichagua wenyewe nyumbani baada ya kuomba. Mikebe ilipangwa madhabahuni, ikabarikiwa, na majina ya familia yameandikwa juu ya vifuniko kwa kalamu nene. Kwa hiyo kamati haikuja kuangalia picha. Kila mmoja alikuja kutafuta mkebe wake. Na ili kuutafuta vizuri, wakapanda. Papa Anselme na suti yake, Maman Beya na viatu mkononi, wakapanda ngazi mpaka juu kabisa, pua sentimita kumi kutoka kwenye dari.

Kuba linarudisha sauti, nilisikia kila neno nikiwa chini.

"Shiye tulileta nyeupe," alisema Papa Anselme. "Mikebe mbili. Iko wapi nyeupe yetu?"

"Iko ndani, Papa," akasema Fidele. "Iko ndani ya zote."

"Ndani ya zote ni wapi? Minaona bluu. Minaona njano ya familia ya Ndayi, njano iko mingi sana, ile familia njo wamejenga kanisa?"

"Na hii kijani," sauti ya Maman Beya. "Kijani ni ya kwetu. Uliiweka kwenye uso ya Bikira Maria. Eish. Bikira Maria iko na malaria?"

Wale wanne wakacheka. Nikamsubiri Fidele awaeleze. Mume huyu aliyenieleza mimi rangi mpaka usingizini, anayejua kwamba kuba halichorwi kwa ajili ya aliye juu ya mbao bali kwa ajili ya aliye sakafuni, hakusema kitu. Alikuwa amesusa. Alisimama pembeni anaosha brashi kwenye kopo, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Wakashuka. Wakajadiliana dakika chache mbele ya madhabahu, wakainua mikono. Papa Anselme akasema kwa upole kwamba wameamua dari lipakwe nyeupe lote, kabla ya Jumamosi, wanamshukuru ndugu kwa jasho lake.

"Sawa," akasema Fidele. Akanitazama mimi. Na macho yale yalikuwa yangu, sijayaona tangu nikiwa na mimba. Alikuwa anarudi nyumbani.

Mtoto akachafua nepi wakati ule ule. Nikatandika kanga sakafuni katikati, mabomba yalikuwa yameachia nafasi pale, nikamlaza, nikamsafisha. Alikuwa anacheka na kitu kilichoko juu yangu. Nikajilaza kando yake kuangalia anacheka na nini.

Sijui niwaelezeje, mimi si mtu wa picha. Kulikuwa na mwanamke anashuka kutoka kwenye mwanga, na mwanga wenyewe unashuka pamoja naye. Kijani hakikuwepo. Kilikuwepo kivuli cha ngozi ya mtu aliye hai, kwenye shavu, pale damu inapopita chini. Wekundu kwenye kingo za vidole, kama unaposhika mkono wa mtoto juani. Dari halikuwepo. Zile mbao na mabomba yote vilikuwa takataka zilizosimama mbele ya kitu kinachopumua. Miezi kumi na nne niliyokuwa namchukia nilikuwa namchukia mtu anayefanya hiki.

"Unalala kanisani, mama?" Maman Beya alikuwa amesimama juu yangu. Akamgeukia mwenzake. "Bibi ya mupaka-rangi. Unaona sasa."

Ningenyamaza. Andikeni hilo mahali. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga nepi.

"Papa Anselme," nikasema, "njoo ulale hapa."

"Nini?"

"Lala chini. Chali. Na suti yako. Na wewe mama, weka viatu chini ulale. Nyote."

"Huyu dada ni Mutanzania?" akauliza mmoja.

"Ni Mnyakyusa," nikamjibu mwenyewe, "na ametoka Mbeya kwa basi, hana nguvu ya kurudia maneno. Mungu anawaangalia kutoka juu, nyinyi mtamwangalia kutoka chini, kwani Jumapili mnasalia kwenye ngazi? Laleni."

Mgeni wa Lubumbashi ndiye aliyelala wa kwanza. Mzee mzima, akashika magoti, akajilaza kwenye vumbi la chokaa. Papa Anselme hangeweza kumwacha mgeni alale peke yake. Maman Beya akalala mwisho, amebana sketi. Watu saba chali, na mtoto wangu matako wazi katikati yao.

Macho yote yakaenda juu.

"Nyeupe yako umelala chini yake, Papa," nikasema. "Ule mwanga wote, unafikiri umetoka wapi? Na kile kijani, Maman Beya, kitoe kwenye ule uso, uone kama hajafa."

Maman Beya alianza kulia kimyakimya, machozi yanamwingia masikioni. "Njo yetu ile," akasema. "Kwenye shavu. Minaiona sasa. Njo yetu."

Papa Anselme akasema, akiwa bado amelala, kwamba uamuzi umefutwa. Mgeni wa Lubumbashi akasema kwao kuna kuba mara mbili ya hili, jeupe tupu, na Mungu hakumleta Durban bure.

"Ninaanza lini?" akasema Fidele.

Hivyo tu. Kabla hata yule mzee hajakaa. Baadaye ndipo alipogeuka akanitafuta, uso umejaa furaha na aibu kwa pamoja, brashi mkononi inadondosha maji. Nilikuwa nimeshafunga nepi.

Kanisani hadi Sydenham

Nilimpigia simu rafiki yangu Mwajuma, akaja na gari la shemeji yake la kubebea vitenge, hakuuliza kitu mpaka tulipofika robot ya tatu, taa za barabarani. Kitabu nilikiacha kwenye mkebe wa familia ya Ndayi. Fidele alikuja Sydenham mara mbili kabla ya kuondoka. Mara ya kwanza alileta maziwa ya kopo na maelezo, mara ya pili maelezo. Alisema ni mwaka mmoja. Nikamwambia aseme majira matatu ya baridi, nitakuwa najua jinsi ya kuhesabu. Alimbeba Tusa saa nzima, wala hakumpeleka dirishani, nampa haki yake. Sasa yuko Lubumbashi, anapiga simu Jumapili, nyuma yake nasikia mabomba yanagongana.

Mimi nauza vitenge na Mwajuma. Mtoto anatembea.

Wale wa kanisa wakinikuta mjini wananishika mikono miwili, wananiita mama wa kuba. Mwajuma ananiita mjinga. Anasema nilikuwa na mume mkononi, nimemfuata nchi nne, kilichobaki ni kufunga mdomo kwa muda wa nepi moja, na nikashindwa. Dari lile lingekuwa baya, leo ningekuwa Chatsworth nampikia mtu anayerudi jioni na rangi ya krimu kwenye viatu.

Lakini halikuwa baya.